Siku Tulipomfukuza Kocha wa Kimemi

Tulimfukuza kocha kwa sababu alimweka mdogo wangu benchi. Nasema hivyo waziwazi, kwa kuwa wengi waliokuwapo siku ile leo wanajifanya hawakuwapo, na wengine wanasema wamesahau. Mimi sijasahau. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu na kumsomea mashitaka yake. Kila nikikumbuka hasira inanipanda, na sijui nianze kumgombeza nani, maana orodha ni ndefu na jina langu liko juu.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu, waasi wakiwa wameushika mji wa Butembo na barabara zote zinazotoka humo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Niliuza sabuni na mishumaa sokoni, sina mume, naishi na mama na mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa amefariki zamani. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minane, yuko darasa la mwisho la sekondari, na alikuwa mshambuliaji wa timu ya mtaa wetu wa Kimemi. Miguu yake ilikuwa myembamba, ungemcheka ukimwona amesimama. Ukimpa mpira ulikuwa hucheki tena.

Nina sauti. Wenzangu wa sokoni walikuwa wakinitania kwamba nikinadi sabuni Kimemi wateja wanatoka Lubero. Uwanjani sauti hiyo ilikuwa kazi yangu ya pili. Mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo za mashabiki, na tangu mdogo wangu akiwa mtoto wa kucheza na mpira wa majani ya migomba, alikuwa akinisikia nikimwita kutoka pembeni, papa, jina letu la kumbembeleza mtoto wa kiume, naye anakimbia.

Sisi mashabiki wa Kimemi tulikuwa na desturi yetu, tukiiita tribinali, yaani mahakama. Kila Jumapili baada ya misa ya pili tulikutana katika kiwanja cha seremala mmoja, tukikalia mabenchi ambayo wenyewe walikuwa hawajaja kuyachukua, na tukaihukumu mechi iliyopita. Seremala ndiye alikuwa rais. Mchezaji aliyekosa penalti alisimama katikati, akaulizwa, akajitetea, na akishindwa alitozwa kuku. Kocha alitozwa mbuzi. Faini ililiwa palepale na watu wote pamoja na aliyehukumiwa, tukishushia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na baada ya kula hakuna aliyeruhusiwa kulirudia kosa lile. Niliipenda desturi hiyo na naweza kuitetea hata leo. Ila ilikuwa na sheria moja mbaya. Kwetu, mtu akisimama mbele ya watu akaulizwa na kunyamaza, basi amekubali kosa, tena amewatukana waliomuuliza.

Kocha wetu wa zamani alipokwenda Kampala kwa biashara asirudi, timu ilichukuliwa na mwalimu wa hesabu. Alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali. Serikali ilimleta kufundisha kwetu kabla ya vita, kisha nchi ikakatika vipande viwili, naye akabaki upande huu na mshahara upande ule. Aliishi kwa kile wazazi walichoweza kumpa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na alivaa koti moja la kijivu, jua liwake, ukungu ushuke. Aliwakimbiza wachezaji asubuhi kwenye ukungu, akawakataza pombe kabla ya mechi, akawafundisha kupeana pasi fupifupi badala ya kuupiga mpira juu na kuufuata. Mwanzoni tulimsifu. Tulisema sasa tumepata mtu aliyesoma.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa nyumbani. Mdogo wangu alikaa benchi dakika zote tisini, na tukatoka bila bila.

“Goti,” alisema kocha tulipomuuliza.

Wiki iliyofuata tukaenda Lubero, kwenye baridi ile ya mashamba ya viazi, na mdogo wangu akacheza, akafunga mabao matatu. Tukarudi nyumbani, benchi. Goti. Tukaenda Kalunguta, kwenye kiwanja cha wakulima chenye mashimo, akacheza, akafunga mawili. Tukarudi nyumbani, benchi, na safari hii tukafungwa bao moja na timu ya mtaa wa jirani, watu ambao mpaka leo siwezi kuwatazama wakicheka.

Sasa ngoja niseme kile nilichokuwa nakiona na sikukiona. Kila mechi ya nyumbani ilikuja jeep ya kamanda wa waasi. Ilisimama karibu na kona, askari wamekaa juu ya boneti, kamanda amevaa miwani ya jua hata mvua inyeshe. Kamanda huyo alikuwa akijenga timu ya brigedi yake kule Beni. Kipa wa mtaa wa pili alikuwa ameshachukuliwa kwenda kuichezea, na sisi tulisikia kwamba anapewa viatu vipya na anakula nyama. Tulimwonea wivu! Hakuna aliyeuliza kwa nini mama yake kipa haonekani tena kanisani. Jeep haikwenda Lubero. Haikwenda Kalunguta. Mtu mzima mwenye macho mawili na akili ya biashara, ninayejua bei ya sabuni kutoka hapa mpaka Kasindi, sikuweza kuunganisha vitu viwili hivyo.

Badala yake niliunganisha vitu vingine. Nilisema huyu ni mtu wa kuja, anatuonea. Nilisema hataki mtoto wa kwetu apate jina. Nilisema hayo sokoni, kisimani, mpaka kwenye foleni ya kuungama. Nyumbani mdogo wangu, aliyeniita Yaya, yaani dada, alininyamazisha.

“Yaya, acha. Goti iko inauma kidogo.”

“Inauma wapi? Nionyeshe!”

Hakunionyesha. Alitoka nje. Nilidhani anamwogopa mwalimu wake, na hilo likanitia moto zaidi.

Jumapili ya tribinali kiwanja cha seremala kilijaa. Watu walisimama mpaka barabarani. Wanajeshi wawili wa brigedi walikuwa wamekaa nasi kwenye benchi la mbele, bunduki magotini, kwa sababu nao walipenda mpira na kasiksi yetu. Tulikuwa tumeshawazoea. Kocha alisimama katikati na koti lake la kijivu, na rais akanipa neno.

“Mwalimu,” nilisema kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa, “batu banataka kujua. Mutoto anacheza Lubero, anapiga tatu. Anacheza Kalunguta, anapiga mbili. Mais hapa kwetu, benchi! Donc goti yake inauma hapa tu? Kule inapona?”

Watu walicheka mpaka wengine wakashika miti ya uzio. Niliona raha. Sitadanganya, niliona raha sana, kama siku nilipouza katoni kumi kabla ya saa nne. Kocha alinitazama. Kisha akawatazama wale wanajeshi wawili. Kisha akatazama chini, akakaa hivyo.

“Jibu, mwalimu!” seremala alisema. “Tribinali inakungoja.”

“Siko na kitu ya kusema.”

“Hauko na kitu?” nilipaza sauti. “Tunakuuliza na heshima, na unatunyamazia?”

Alivua filimbi shingoni, akaiweka juu ya benchi, akapita katikati ya watu akaenda zake. Hakulipa mbuzi. Hilo lilituudhi kuliko kipigo cha wiki iliyopita. Tulipiga kura kwa mikono, yote ikainuka, na timu akapewa binamu wa seremala, mtu wetu. Mwanajeshi mmoja alinigusa bega, akaniuliza kwa Kilingala chake yule mtoto ni nani na anakaa wapi. Nilimjibu kwa majivuno kwamba ni mdogo wangu, na kwamba Jumapili hiyohiyo mchana atamwona mwenyewe akicheza.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza yote, nikimwigiza kocha alivyoinamisha kichwa. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alitaka kusema kitu, akatazama mlangoni, mdogo wangu alikuwa ameshaondoka na viatu vyake.

“Iko wapi?” aliuliza.

“Amekwenda kucheza, mama. Leo anacheza!”

Mama aliinuka, akatafuta kitenge chake, akatoka mbio. Sikuwahi kumwona mama akikimbia. Nilimfuata nikicheka, nikidhani hatimaye ameupenda mpira.

Tulifika mdogo wangu akiwa ameshafunga la kwanza. Alifunga manne siku ile. La tatu aliwapita mabeki wawili na kipa, akasimama na mpira kwenye mstari wa goli, akageuka kunitafuta kwa macho kabla ya kuusukuma ndani. Nilipiga kelele mpaka mishipa ikanitoka. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu, amenishika mkono, ananiumiza.

Filimbi ya mwisho ilipolia, kamanda alishuka kwenye jeep, akaingia uwanjani, akamshika mdogo wangu mkono na kuuinua juu. “Mwana oyo makasi!” alisema mmoja wa wale wanajeshi, yaani mtoto huyu ana nguvu kweli. Tulipiga makofi. Walimpandisha kwenye jeep akiwa na jezi yetu ya kijani na jasho lake, naye anacheka kidogo, hajui kama acheke au la. Nilidhani wanamzungusha uwanja. Tulipiga makofi jeep ikipita mbele yetu, tukapiga makofi ikipanda kilima, na ilipokunja kushika njia ya Beni wengine walikuwa bado wanapiga.

Mama alikaa chini kwenye udongo mwekundu, na nguo yake ya kanisani. Ndipo aliponiambia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mwalimu na kikapu cha maharage, siku chache baada ya kipa wa mtaa wa pili kuchukuliwa, akamwomba siku yenye jeep asimtoe mwanawe hadharani. Mwalimu alikubali na akayakataa maharage. Mdogo wangu alijua, ila siku ile mtaa mzima ulimngoja acheze. Watu watatu walijua.

“Juu ya nini haukuniambia?” nilimpigia mama kelele. “Miye ni mutoto yako, ndiyo ao hapana?”

“Juu ya kinywa yako,” alisema mama.

Nilimkasirikia mama kwa neno lile kwa muda mrefu. Tulikaa siku nyingi nyumba moja tukipeana chumvi bila kutazamana. Nilimkasirikia kwa sababu lilikuwa la kweli, na pia kwa sababu si kweli yote. Angeniambia, ningenyamaza. Naamini ningenyamaza. Mtu hupewa siri kwanza ndipo ajifunze kuitunza, na mimi katika nyumba yangu mwenyewe sikupewa.

Jumatatu nilikwenda kwa kocha. Alikuwa anasahihisha madaftari kwenye chumba chake cha kupanga, koti limetundikwa msumarini, na bila koti lile alionekana amekonda. Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga njia nzima, wenye maneno mazuri.

“Excuse yako nitafanya nayo nini?” alinikata. “Ulitaka nikujibie mbele ya basoda, bale wenye bunduki? Ulitaka niseme, ndiyo, namuficha?”

Aliandika alama kwenye daftari, akalifunga, akachukua jingine. Alikuwa na hasira nami na hakuificha, na kwa ajabu hilo lilinifariji kuliko kama angenisamehe.

“Sikiya muzuri,” alisema. “Ule kipa alikuwa mwanafunzi yangu, najua vile ilienda. Kule Beni, mwenye anacheza muzuri anabakia kwa kamanda. Anakula, analala kambini. Mwenye anacheza mubaya, banamuvalisha uniforme na anaenda front, ku vita ku musitu. Ule kipa alifungwa tatu siku moja. Kesho yake alienda. Basi mwambie mutoto acheze. Acheze kabisa.”

“Nitamwambia namna gani? Kambini hawaturuhusu.”

“Hapana jua,” alisema. “Weye iko na sauti.”

Nilituma ujumbe kwa wafanyabiashara waliokwenda Beni, mmoja na mwingine. Wote walisema wamefikisha, na hakuna aliyeweza kuniambia kijana amevaa nini wala amejibu nini. Huku Kimemi tribinali iliendelea kila Jumapili kana kwamba hakuna kilichotokea. Walijadili nani atavaa namba tisa. Seremala alinipelekea salamu kwamba sauti yangu inakosekana. Niliacha kwenda, na kila nilipopita pale baada ya misa nikasikia wanavyocheka, nilitamani kuyachoma moto mabenchi yale yote.

Kisha ikaja habari kwamba kamanda anaialika timu yetu Beni, icheze na timu yake. Mashabiki walifurahi kupita kiasi. Walikodi Fuso, wakashona bendera mpya. Mimi na mama tulipanda juu ya Fuso hilo pamoja nao, na njia nzima, katika kila kizuizi cha waasi, walikuwa wanaimba nyimbo nilizozitunga mimi.

Beni kulikuwa na joto na vumbi. Kamanda alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya mstari, mwavuli umeshikiliwa juu yake. Nyuma ya goli la upande wa pili kulikuwa na lori la jeshi, mlango wake wa nyuma umefunguliwa. Timu zilipoingia nilimwona mdogo wangu. Alivaa jezi nyeupe ya brigedi, kichwa kimenyolewa, na shingo yake ilikuwa imezidi kuwa nyembamba.

Alicheza vibaya. Hakucheza vibaya kwa kushindwa, namjua. Alicheza vibaya kwa makusudi. Alipata mpira mbele ya goli letu, kipa wetu yuko chini, akaurudisha nyuma. Akaupata tena, akaupiga nje, polepole, kama mtu anayemrudishia jirani kitu alichodondosha. Mashabiki wetu walielewa mara moja, wakaruka kwa furaha.

“Ni mutoto yetu!” walisema. “Hawezi kutupiga! Anatukumbuka!”

Wakaanza kumwimba. Waliimba jina lake, wimbo wangu mwenyewe, na yeye akainua mkono kidogo kuwaitikia. Nilimwona kamanda akigeuza kichwa kuwatazama waimbaji, kisha akimtazama yeye. Niliwatukana watu wangu. Niliwaambia wanyamaze. Walinicheka, wakaniambia nimekuwa mwoga tangu niache tribinali.

Wakati wa mapumziko wachezaji wawili wa brigedi walitolewa. Hawakukaa na wa akiba. Waliambiwa wavue jezi palepale, wakarushiwa magwanda na mabuti, na wakatembezwa kuelekea lorini, mmoja akiwa anahangaika kufunga kamba za buti huku anatembea. Mama aliwaona. Mama hajui mpira, lakini alilitazama lori, akamtazama mwanawe, akanigeukia.

“Anacheza muzuri?”

“Anacheza mubaya, mama.”

“Basi sema! Sasa ndiyo sema!”

Nilizunguka uwanja mbio, mama nyuma yangu, nikaenda kusimama nyuma ya goli letu sisi, upande ambao angeshambulia kipindi cha pili. Mchezo ulipoanza nilimngoja akaribie, nikapiga kelele kwa nguvu zote za miaka yote niliyowahi kuuza kitu.

“Tupige! Usituhurumie! Tupige!”

Alisimama. Mpira ukampita. Alinitafuta kwa macho, akaniona, akakunja uso kama asiyeamini alichosikia. Nilimwonyesha lori kwa mkono mzima. Nikarudia. Mabeki wetu waligeuka kunishangaa, kipa wetu akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Mpira uliofuata aliuchukua mbali, karibu na katikati. Nilijua kwa namna alivyoinamisha mabega. Aliwapita watu wake wawili, vijana aliokua nao, akampita wa tatu, akaupiga pembeni ya kipa wetu mpaka wavu ukaja kunigusa miguu. Hakushangilia. Alisimama pale mikono kiunoni anahema, ananitazama.

Seremala alikuwa amekuja mbio kutoka upande wa mashabiki, bendera mkononi. Alinishika mkono.

“Weye mwanamuke, uko ya upande gani? Tutakuhukumu! Jumapili tutakuhukumu!”

Nilimsukuma akaangukia bendera yake. Nyuma ya goli la pili injini ya lori iliwaka. Niliwahesabu waliokuwa juu yake, nikawahesabu tena. Walikuwa wawili walewale. Mama alikuwa ameanza kupiga makofi, peke yake upande ule wote, makofi ya polepole ya kanisani, na watu wa mtaa wetu wote walikuwa wamegeuka wanatutazama. Niliwapa mgongo, nikaweka mikono kinywani.

“Tupige, papa! Tupige tena!”